Mikono Baridi ya Watu wa Machimbo

Siku yule mama wa machimboni alipoingizwa chumba cha kukandia, aliyefurahi kuliko wote alikuwa Mashoto, na wala si kwamba alikuwa anamjua. Alikuwa hajawahi hata kukaa naye wakaongea. Aliona tu kifua kimekuwa chepesi, kama mtu aliyetuliwa ndoo ya maji kichwani baada ya mwendo mrefu, na hakujiuliza ndoo ile ametwishwa nani.

Kiwanda chao cha mikate kilikuwa nyumba moja ndefu yenye vyumba vitatu. Mbele palikuwa na rafu za kupangia mikate iliyopoa. Katikati palikuwa na meza ya kukandia, ya mbao nene, iliyobonyea kwa miaka mingi ya ngumi na viganja. Nyuma palikuwa na tanuri la kuni, na mbele ya tanuri alikaa Fundi, mzee mfupi aliyekula chumvi nyingi na moshi mwingi kuliko chumvi. Mwenye mali alikuwa Bi Mkubwa, mjane wa miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye alisema kwa sauti ya chini na hakuna aliyewahi kumwomba arudie. Mezani alikuwapo Kidoti, mwanamke wa makamo mwenye doa jeusi shavuni na ulimi usiojua kupumzika. Na pembeni, penye mizani na jagi la hamira, ndipo alipokaa Mashoto.

Chumba kile kilikuwa na miiko yake. Hakuna kupiga mluzi. Aliyegombana nyumbani hagusi unga mpaka acheke kwanza, hata kama ni kicheko cha kulazimisha. Unga ukishakandwa na kufunikwa kitambaa, husemi unaumuka, unasema umelala. Ukifura vizuri, umeamka salama. Ukichelewa, una usingizi mzito. Neno la kufa halikutamkwa mle ndani. Na zaidi ya yote, waliamini unga unasikia mkono. Kuna mkono wa kuamsha na mkono wa kudidimiza, na mtu anazaliwa nao.

Sasa Mashoto alizaliwa na wa kushoto. Alipokuwa mdogo mama yake aliufunga mkono ule kwa kitambaa, akaambiwa ale kwa huu mwingine hadi azoee. Shuleni mwalimu aliupiga kwa rula. Alimaliza darasa la saba akiandika kwa mkono wa kulia herufi zilizolala kama majani yaliyopitiwa na mafuriko. Alipopata kazi kiwandani, Fundi alimtazama anavyoshika chepe la unga, akasema, "Ee! Huyu mashoto!" Likawa jina.

Kwa miaka minne hakuna mkate ulioharibika bila yeye kutajwa. Kuni mbichi, Mashoto. Unga wa ngano wenye wadudu, Mashoto. Asubuhi ya baridi, kila kiwanda mjini kinahangaika, lakini kwao ni, "Nani amepita karibu na beseni? Mashoto amepita?" Na yale mamia ya siku ambapo mikate ilitoka imejaa, imepata rangi kama shaba, hakuna aliyeuliza nani amepita karibu na beseni. Alilitambua hilo mapema sana, akalinyamazia. Ni mtu wa kutazama kuliko kusema. Fundi alimwekea sharti: maji ya hamira ayapime kwa kifundo cha mkono wa kulia, akoroge kwa kulia, wa kushoto ukae nyuma ya mgongo. Akalitii. Alikoroga hamira kama askari aliyesimama gwaride.

Ndipo akaja mama wa machimboni.

Machimboni ni kule chini, mji unapoishia, kwenye mashimo ya mawe. Babu zao waliletwa zamani kuja kuvunja mawe ya barabara na ya nyumba, kazi ilipokwisha hawakurudishwa, wakabaki pale pale ukingoni mwa mashimo. Watu wa juu walisema watu wale mikono yao ni baridi. Wameshika mawe vizazi na vizazi, ubaridi umewaingia mifupani. Usimpe mtu wa machimbo ashike mtoto mchanga. Usimwache aguse unga. Nyumba zote za mjini zilijengwa kwa mawe waliyoyavunja wao, na watu walilala ndani yake wala hakuna aliyelalamika baridi.

Yule mama aliletea kiwanda kuni miaka miwili, akiishia mlangoni. Mkandaji mmoja alipoolewa akahamia mbali, Bi Mkubwa alitafuta mtu wiki mbili asipate mwenye mabega. Siku moja akamtazama yule mama akitua mzigo wa kuni kama mtu anayelaza mtoto, akasema, "Wewe. Mwezi mmoja mezani. Ukiisha vizuri, nafasi ni yako."

"Mimi naitwa Mama Pacha," alisema asubuhi ya kwanza, amesimama na aproni mpya, mikunjo yake bado inaonekana.

"Karibu, Mama Mawe," akajibu Kidoti. Wote wakacheka, na Mashoto naye akacheka, kidogo, kwa pembeni. Jina likakaa.

Tangu siku hiyo mkono wa kushoto ulisahauliwa. Si kwamba wamekuwa wema. Macho yao yalikuwa na kazi nyingine. Mkate ukipasuka mgongo, walimtazama Mama Mawe. Chumvi ikizidi, ijapokuwa chumvi aliweka Kidoti, walimtazama Mama Mawe. Wiki ya pili Mashoto alikoroga hamira kwa mkono wake wa kushoto, waziwazi, mbele ya Fundi, na Fundi akapita na koleo lake bila kusema lolote. Mashoto alitaka kulia kwa raha. Miaka minne!

Mama Mawe alikuwa anajua wanachosema. Ndiyo maana kila asubuhi, kabla ya kugusa unga, alikwenda mbele ya tanuri akanyoosha viganja vyake kwenye joto, akavigeuza huku na huku, akavisugua, akajipima shavuni, kisha ndipo akaja mezani karibu anakimbia, kama aliyebeba kitu kinachoweza kumwagika.

"Si baridi," alimwambia Mashoto siku moja walipobaki wawili. "Shika uone."

Mashoto alishika. Vilikuwa viganja vya kawaida, vigumu, vyenye makovu madogo ya kokoto, na vyenye joto. Alivishika kitambo, kisha akaviachia haraka, mlango ulipolia.

Ni Mama Mawe huyo huyo aliyemfundisha kukanda. Alimkuta anautazama unga kwa hamu, akamsogezea donge dogo. "Kanda kwa huo unaoutaka, mdogo wangu. Unga haujui kulia wala kushoto. Unachojua ni kama umekandwa au umepapaswa." Akamwonyesha: sukuma kwa kisigino cha mkono, kunja, zungusha. Wakiwa wameinama pale, akamhadithia habari za watoto wake, wasichana pacha wa miaka kumi na moja. Tangu wakiwa na miaka saba walikuwa wakiponda kokoto na baba yao. Baba sasa kifua kimejaa vumbi, akikohoa unadhani ni mtu anaburuta mnyororo. "Nilipopewa meza hii niliwapokonya nyundo. Nikazitupa shimoni kabisa, nikawapeleka shule. Mwenzako nalala huku naomba, huu mwezi uishe tu. Kule darasani wanakaa dawati la mbele. Wanagombania nani akae upande wa dirisha." Akacheka peke yake. "Hebu fikiria. Ugomvi wenyewe ndio huo."

Zilibaki siku tatu mwezi uishe.

Asubuhi hiyo kulikuwa na oda ya shule ya bweni, mikate mingi kuliko kawaida. Mama Mawe alikwenda stoo kuchukua gunia jingine. Mashoto alikuwa ameinjika birika la maji ya hamira kwenye makaa, anasubiri yawe vuguvugu. Kidoti akasema, "Jamani, leo mwenzetu keshaota moto wake? Au atakuja kutugandishia mikate ya watoto wa watu?"

Fundi akacheka kwa pua.

Basi, ni nini kilichomwingia Mashoto? Alikuwa hajawahi kuwachekesha watu maishani mwake. Aliinuka, akaenda mbele ya tanuri, akanyoosha viganja. Akavigeuza huku na huku. Akajipima shavuni, akatikisa kichwa, "bado." Akavirudisha. Akajipima tena, akaruka kama aliyeungua, akakimbia mpaka mezani kwa hatua fupifupi, mikono juu, "Pisheni, pisheni, vitapoa!"

Kidoti alishika mbavu. Fundi alikaa chini. Machozi yalimtoka yule mzee, akawa anapiga paja lake na kusema, "Huyu mtoto! Kumbe huyu mtoto!" Na Mashoto, joto lile la kupendwa lilimpanda toka miguuni. Akarudia. Akaongeza na ya kupulizia kwenye vidole. Kidoti akamwomba arudie tena, akarudia.

Ya tatu aliifanyia mlangoni, na mlango ulikuwa wazi. Mama Mawe alikuwa amesimama na gunia begani.

Hakuna aliyejua amekuwapo pale muda gani. Aliliteremsha gunia taratibu. "Unga huu hapa," alisema. Akaenda mezani moja kwa moja. Siku hiyo hakuota moto.

"Hamira!" Kidoti akaita, bado anajifuta machozi. "Mashoto, hamira, tumechelewa!"

Mashoto akakumbuka birika. Lilikuwa linatoa mvuke. Akayamwaga yale maji kwenye jagi, akatia sukari na hamira, akakoroga, macho yake chini, uso unamwaka. Hakupima. Si kwa mkono wa kulia wala wa kushoto. Jagi lilikuwa la moto kiasi kwamba alilishika kwa pindo la nguo. Akasubiri povu. Hamira nzima huchemka yenyewe baada ya dakika chache, ikapanda na kunukia kama tunda lililoiva sana. Hii ilikaa kimya. Juu palikuwa na utando wa kijivu, na harufu ya kitu kilichopikwa.

Aliona. Alijua. Lakini kusema ilikuwa ni kuzima kile kicheko na kuwageuza wote wamtazame, na dakika tano tu zilizopita walikuwa wanampenda. Akajiambia itaamkia ndani ya unga. Akapeleka.

Mama Mawe alikanda siku hiyo kama mtu anayepigana. Walifunika beseni kwa kitambaa. Saa moja ikapita. Fundi akafunua, akafunika. Nusu saa nyingine. Akafunua, akabonyeza kwa kidole, na lile shimo la kidole likabaki vile vile. Akawatazama.

"Huu umekufa," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza neno lile kutamkwa mle ndani. Kidoti alirudi nyuma hatua moja, mkono mdomoni, na aliposema hakuwa anatania tena. "Nilisema mimi. Si nilisema? Leo hata moto hakuota. Mmemwona wenyewe."

Bi Mkubwa aliitwa. Alisimama juu ya beseni, miwani mkononi. Alikuwa anawaza ile shule, na walimu watakaokuja kuuliza.

Mama Mawe aliinama, akanusa unga. Akachukua jagi tupu, akalinusa nalo, akapitisha kidole kwenye utando uliokauka ndani. Kisha akamgeukia Mashoto, bila hasira, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kitu alichosahau.

"Mdogo wangu. Maji ya hamira yalikuwaje?"

Wote wakamtazama Mashoto. Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yake, pana kama mlango. Angesema neno moja, yangebaki mambo ya maji na hamira, hasara ya siku moja. Bi Mkubwa angefoka, na kesho wangekanda tena.  Mashoto aliuona mkono wake wa kushoto umeshika pindo la nguo, pale pale alipolishikia jagi. Akauficha nyuma.

"Yalikuwa sawa," alisema.

"Usimsingizie mtoto wa watu," Kidoti akadakia. "Miaka minne anakoroga hamira hapa."

Miaka minne walimsema, na leo miaka ile ile ikawa ngao yake.

 Mama Mawe alimtazama Mashoto kidogo zaidi, kisha akafungua kamba ya aproni. Aliikunja mara mbili, akailaza mezani penye bonde la katikati. Bi Mkubwa alisema kwa ile sauti yake ya chini, "Si kwamba nina ubaya na wewe, mama. Nilitaka kukusaidia. Ila kila mtu ana kazi aliyojaliwa. Kuni uendelee tu kuleta, mlango uko wazi."

"Asante, Bi Mkubwa," alisema. Kuni hakuleta tena.

Jioni ile Mashoto alimweleza mama yake yote. Mama alikuwa anachambua mchele, ungo mapajani. Alisikiliza mpaka mwisho, vidole vikiendelea kutafuta mawe.

"Na wewe hawakukusema?"

"Hawakunisema, mama. Walinitetea."

Mama akaacha mchele. Akauchukua mkono wa kushoto wa binti yake, ule aliokuwa akiufunga, akauweka kwenye shavu lake. "Basi nyamaza, mwanangu. Ukisema watakurudia wewe. Mimi nimekaa miaka yote hii naogopa siku watakayokufukuza kwa ajili ya mkono huu. Nyamaza." Alikuwa analia kwa furaha. Mashoto hakujua amchukie au amkumbatie, akamkumbatia.

Alinyamaza siku nane. Siku ya tisa, akienda kazini, alipishana na wasichana wawili barabarani, wamefanana kama vidole, kila mmoja na karai la kokoto kichwani. Walikuwa wamevaa sketi za shule, bado mpya, zimekuwa nyeupe kwa vumbi. Mmoja alikuwa anamwambia mwenzake, "Sasa hivi dirishani anakaa nani?" Mwingine akajibu, "Aa, nyamaza bwana, twende."

Mashoto hakupita mezani. Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Mkubwa, chumba cha mbele, Fundi na Kidoti wakiwa wanapanga mikate, akasema yote kwa pumzi moja: birika, mvuke, kutopima, utando wa kijivu, uongo. "Si yeye. Ni mimi. Hamira niliiua mimi." Alisema hata lile neno. Kisha akangoja paa limwangukie.

Paa halikuanguka. Bi Mkubwa alivaa miwani, akamtazama kwa muda, uso wake ukalainika.

"Una moyo mzuri wewe," alisema.

"Si moyo, Bi Mkubwa. Ndivyo ilivyokuwa. Maji yalichemka."

"Sawa, yalichemka," Kidoti akasema, kwa upole kabisa, upole ambao hakuwahi kuuonyesha mle ndani. "Lakini shoga yangu, jiulize. Miaka minne hujawahi kuchemsha maji ya hamira. Kwa nini uchemshe siku ile, yeye yuko humu?"

"Kwa sababu nilikuwa nacheza! Nilikuwa nawachekesha ninyi!"

"Ukicheza nini? Si ulikuwa unamwigiza yeye? Umeona? Bila yeye usingecheza."

Mashoto alimgeukia Fundi. Yule mzee anajua hamira tangu enzi za marehemu mume wa Bi Mkubwa. Alijua, lazima alijua, ule unga ulivyonuka. Fundi alikuwa anakwaruza masizi kwenye kucha.

"Maji ya moto yanaua hamira, hilo kweli," alisema. "Sikatai. Ila mimi nimeona unga uliochomwa kidogo ukaokolewa na mkono mzuri. Ule haukuokolewa."

"Hakuna mkono wa kuokoa hamira iliyopikwa, Fundi! Wewe mwenyewe unajua!"

"Mwanangu," mzee akasema, na hakumtazama, "mimi babu yangu aliniambia, na yeye aliambiwa na babu yake. Ukianza kusema hilo ni uongo, utasema na lipi jingine?"

Hakuna aliyempigia kelele. Hakuna aliyeutaja mkono wake. Angeona nafuu wangemtukana. Bi Mkubwa alisema tangu mwezi uliopita alikuwa anamfikiria, mtu mkweli ni wa kumweka karibu, na meza ina nafasi wazi. "Kuanzia kesho ukande wewe. Kwa mkono wowote unaokufaa."

Mchana aliomba ruhusa akashuka machimboni. Alikuwa hajawahi kufika kule. Alizisikia sauti kabla hajaona kitu: nyundo ndogo nyingi, kila moja na mwendo wake, kama mvua iliyokosa kuamua ianze au iache. Mama Pacha alikuwa amekaa kwenye kivuli cha turubai, miguu imenyooka, lundo mbele yake. Ndani ya kibanda nyuma yake mtu alikuwa anakohoa. Alimwona Mashoto akija tangu mbali, hakuacha kuponda.

"Hodi, Mama Pacha."

"Karibu. Angalia hapo usikae, pana vipande."

Mashoto alichuchumaa. Alikuwa amejiandaa njia nzima, maneno mazuri, yakamtoroka. "Nimewaambia," alisema. "Leo nimewaambia wote. Kwamba ni mimi."

"Wakasemaje?"

Mashoto akaokota kokoto moja, akaigeuza mkononi.

Mama Pacha akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia jibu. "Mimi nilijua palepale. Lile jagi lilikuwa linanuka uji. Nikasema ngoja, huyu nisimtaje. Huyu wamemsema miaka, anajua inavyouma, atasema mwenyewe." Akaweka jiwe, akalipiga. "Wale wengine sikuwatarajia lolote, kwa hiyo hawakunifanya kitu. Uliyenifanya kitu ni wewe."

"Niliogopa, dada."

"Najua uliogopa. Na siku ya kuniigiza uliogopa nini?"

Jibu alikuwa nalo, ila lilikuwa baya mno kulisema: kwamba siku ile hakuogopa kitu, na ndiyo ilikuwa siku yake tamu kuliko zote.

Mawe yakapasuka kitambo. Kisha Mama Pacha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mjini, "Na mezani wamemweka nani?"

Mashoto alitazama viatu vyake. Vilikuwa vyeupe kwa vumbi.

"Mimi."

Nyundo ikasimama hewani. Mama Pacha alimtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu afike, akatoa kicheko kifupi kisicho na furaha ndani yake, akaishusha nyundo.

Mashoto alinyoosha mkono akachukua nyundo nyingine iliyolala pale, ndogo, mpini wake umefungwa kamba, ya mtoto. "Nikusaidie kidogo hili lundo."

"Weka chini."

"Dada, kidogo tu."

"Weka chini, nimekwambia. Utaponda leo, kesho utalala umejisikia vizuri." Alingoja mpaka nyundo ikawekwa. "Na usiende kule juu ukasema nimekusamehe. Wataona basi, yamekwisha, watu wa machimbo hawana kinyongo, wamezoea. Usiwape hiyo."

"Sitasema."

"Haya. Nenda, jua litakuchoma."

Wale wasichana walikuwa wanarudi na makarai matupu, wakampita bila salamu. Nyuma yake alisikia mmoja akiuliza, "Mama, yule nani?" na mama akijibu, "Si mtu tunayemjua."

Kesho yake Mashoto alisimama mezani. Mama yake alikuwa ameamka mapema kumpigia pasi kitambaa cha kichwa, na hakukuwa na kazi nyingine ya kuwalisha wawili wao. Alipima maji mara tatu. Alikanda kama alivyofundishwa, kisigino cha mkono, kunja, zungusha, kwa ule wa kushoto. Walifunika. Baada ya saa moja Fundi akafunua kitambaa, na unga ulikuwa umeamka hadi ukingo wa beseni, laini, umejaa, unapumua.

"Haya, njooni muone!" Kidoti aliita, akapiga makofi. "Bi Mkubwa, njoo! Mnaona sasa? Mnaona? Tulisema nini sisi? Tangu yule atoke!"

Mashoto alifungua mdomo. Wote walikuwa wanatabasamu, wameinama juu ya beseni kama watu wanaotazama mtoto aliyezaliwa. Hapakuwa na neno ambalo lingeweza kushindana na unga ule. Kadiri atakavyoukanda vizuri, kesho, mwakani, ndivyo utakavyozidi kumshuhudia vibaya yule mama, na kuukanda vibaya hakujua tena namna ya kufanya. Alikuwa amefundishwa sawasawa.

Akaunyanyua kwa mikono miwili, akautua mezani, akaanza kuukata.